Nyimbo za Tanga zipanuliwe bila kupotezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wetu wanaozisafisha rekodi za zamani za Tanga, za Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na taarabu ya Black Star, kisha wakazipanua zisikike kama stirio, yaani sauti ya kushoto iwe tofauti na ya kulia. Kazi yao naithamini, ila njia inayopendwa na wengi inaharibu kilekile wanachotaka kukiokoa.

Njia yenyewe ni kuirudufu sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu, nakala moja ikapelekwa spika ya kushoto na nyingine ya kulia, halafu ile ya kulia ikacheleweshwa kidogo. Kwenye hedifoni wimbo hufunguka kwelikweli. Lakini ukipigwa kwenye simu yenye spika moja, au katika mgahawa wa Ngamiani ambako spika zote zimeungwa pamoja, nakala hizo hukutana na kufutana: zikipishana kwa milisekunde 10, sauti za hezi (mitetemo kwa sekunde) 50, 150, 250 na kuendelea hivyo hupotea, besi ikanywea na mwimbaji akasikika kama anaimbia mtungini.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Katika miaka ya 1950 Holger Lauridsen, mhandisi wa redio ya Denmark, alionyesha kwamba nakala iliyocheleweshwa ikijumlishwa na sauti ya asili upande mmoja na kupunguzwa kutoka kwayo upande wa pili, nakala hiyo hujifuta yenyewe pande hizo zinapounganishwa, na sauti ya asili ikabaki nzima. Nakala hiyo ichujwe sauti nzito kwanza, ili besi isitoke katikati.

Kuhusu kina, yaani kusikia nani yuko karibu na nani yuko mbali, naona wanahangaika bure kukiongeza. Mono ina kina chake: aliyesimama karibu na maikrofoni husikika mbele, na waitikiaji husikika nyuma yake. Kinachokifukia ni kuchuja mikwaruzo kupita kiasi, kwa sababu pamoja nayo huondoka mwangwi hafifu wa chumba, ambao ndio unaoliarifu sikio nani yuko mbali. Kisha mtu huyohuyo humwaga mwangwi wa kompyuta kufidia alichokifuta!

Nawaomba pia watunze nakala ya mono isiyoguswa, na iliyopanuliwa waiandike hivyo waziwazi. Kampuni ya Capitol ya Marekani, ilipouza santuri za namna hiyo miaka ya 1960, angalau nyingi iliziandika Duophonic, jina lake la mono iliyopanuliwa.

Msikilizaji wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga