Mjadala wa wiki hii: makosa ya kimantiki
Ndugu wanakikundi, salamu. Wiki hii tutajadili makosa ya kimantiki (yaani kasoro katika namna ya kujenga hoja), ambayo Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyagawa katika aina 13 na ambayo bado yamejaa katika mabishano ya kila siku. Tutaanza na lile la kumshambulia msemaji badala ya hoja yake (nalo, nadhani, ndilo linalotunogea zaidi): mtu akieleza kwamba sigara huharibu mapafu, kisha akajibiwa kuwa yeye mwenyewe anavuta, jibu hilo huenda likamwaibisha, lakini kuhusu mapafu halijasema lolote. Kosa la kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha kilichofuata tutaligusia kwa ufupi. Kila mmoja aandae mfano aliousikia, kwa maneno yaleyale yaliyotumika, bila kumtaja msemaji.