Majarini ya kupima nayo iwe na lebo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya majarini inayopimwa madukani hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma. Ndoo ikishafunguliwa na majarini kuchotwa kwenye vifuko vya robo kilo, lebo hubaki kwenye ndoo. Mnunuzi huondoka na kitu cha njano alichoambiwa ni siagi, asijue kina mafuta kiasi gani wala muda wake unaisha lini.

Siagi ni mafuta ya maziwa. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80, na maji yasiyozidi asilimia 16. Majarini nayo inatakiwa kufikisha asilimia 80 ya mafuta, ila kwa kawaida ni ya mimea, kama mawese. Isiyofika hapo ni ya kupaka kwenye mkate tu, na ndiyo inayowaumiza waokaji. Kilo yenye asilimia 80 ina gramu 800 za mafuta. Yenye asilimia 50 ina gramu 500, na karibu yote yanayobaki ni maji. Ukiitia kwenye keki kwa kipimo kilekile, rojo huwa jepesi na keki hukauka mapema. Biskuti hutoka ngumu. Kwenye kikaango hurusha matone. Unafuu wa bei unayeyukia hapo.

Marekani iliitoza majarini kodi ya senti 2 kwa ratili mwaka 1886, na Quebec, Canada, ilikataza majarini ya njano hadi 2008. Sisi hatuna haja ya kugombana na rangi. Tunachotaka ni jina la kweli na asilimia ya mafuta.

TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, iwabane wanaopima upya: kila kifuko kiwe na karatasi yenye jina la bidhaa, asilimia ya mafuta, uzito, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya kutumia, vyote vikinakiliwa kutoka kwenye ndoo. Ndoo nayo isianikwe juani barazani. Majarini ikiyeyuka, mafuta hujitenga na maji; ikiganda tena huwa na chenga, na haiumuki vizuri na sukari.

Wakati tukisubiri, mnunuzi aombe kuonyeshwa ndoo kabla ya kupimiwa. Kwenye orodha ya viungo, kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Ikianza na maji, usiokee keki.

Mwokaji,
Mabatini, Mwanza