Mwanangu, usitie saini

Mwanangu mpenzi,

Jana ulipokata simu sikupata lepe la usingizi. Ulikuwa ukizungumza kwa kujikaza, lakini kila ulipogeuza shingo nilisikia pumzi ikikukatika. Nami, badala ya kukuambia la maana, nikabaki kulia. Ndiyo maana naandika.

Umesema dereva aliyekugonga hana bima, ilikwisha wiki tatu kabla ya ajali. Kaka yake amekuja mara mbili na bahasha ya pesa na karatasi, anataka uweke saini ili mambo yaishe kiungwana. Ukaniuliza: sasa nani atanilipa, mama? Nitalijibu swali lako, lakini kwanza nakuomba kwa jinsi ninavyokupenda: usitie saini. Hata bahasha ikinona, na hata wakikulilia.

Hujawahi kuniuliza kwa nini bega langu la kulia limelala kuliko la kushoto. Ulikuwa na miaka minne. Kijana mmoja alitoka barabara ndogo bila kusimama, akanigonga ubavuni. Hakuna aliyetoka damu. Alikaa ukingoni mwa barabara, mikono kichwani, akisema gari si lake na bima hana, na kwamba wakija polisi amekwisha. Nikamhurumia. Siku ya tatu wazee wake wakaja na pesa za kunyoosha mlango na kupaka rangi, pamoja na karatasi ya mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema nimelipwa kikamilifu na sitakuwa na dai lolote, sasa wala baadaye. Niliusoma, mwanangu. Niliona ni maneno ya kumalizia tu, kama salamu mwishoni mwa barua.

Wiki ya tatu mkono ukakataa kuinuka. Nakumbuka asubuhi moja umekaa sakafuni kati ya magoti yangu nikufunge nywele. Chanuo likaniponyoka mara mbili, ukaniokotea, ukaniuliza kama nimechoka. Kumbe msuli wa bega ulikuwa umechanika. Nikafanyiwa upasuaji, nikakaa miezi kwenye mazoezi ya viungo, na kazi ikaniponyoka kama lile chanuo. Nilipompelekea wakili ile karatasi, aliisoma mara moja, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akanirudishia. Hakunitoza hata senti, na hapo ndipo nilipoelewa.

Sasa swali lako. Bima iwepo isiwepo, mwenye kosa anabaki na deni. Lakini kushinda kesi na kulipwa ni vitu viwili. Hakimu anaweza kukupa hukumu nzuri dhidi ya mtu asiye na kitu, ukabaki nayo kabatini. Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo usianze kwa kumkimbiza dereva. Uliza kwanza ni nani mwingine ambaye sheria inamtaka abebe hasara hii pamoja naye au badala yake.

Ulisema kadi ya gari ina jina la mtu mwingine. Basi mwenye gari naye aulizwe: alimwazima, au alimtuma? Kama dereva alikuwa kwenye shughuli za mwajiri wake, kwa kawaida mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mfanyakazi aliye kazini, na mwajiri mara nyingi anacho cha kulipa. Wala usichukue neno la dereva kuhusu bima kama ushahidi. Wengine husema hawana ili habari isifike kwenye kampuni, na wengine hawajui kuwa mwenye gari amekwisha kata bima nyingine. Peleka namba ya gari, tarehe na saa ya ajali kwa polisi na kwa kampuni yako ya bima, waichunguze. Kinachohesabika ni kama bima ilikuwa hai dakika ile ulipogongwa.

Halafu toa mkataba wako wa bima kwenye droo uusome wote, pamoja na ile kurasa ya nyuma yenye herufi ndogo. Kama ulikata bima kubwa, gari lako linatengenezwa na kampuni yako mwenyewe, kisha wao ndio wanamfuata yule dereva kumdai walicholipa. Kama ni ile ndogo ya kulinda watu wengine tu, gari lako halimo, lakini angalia kama kuna kipengele cha ajali binafsi kwa dereva. Marekani huuza kabisa kinga dhidi ya madereva wasio na bima, na watu wengi huikumbuka siku wameshagongwa. Na kama siku ile ulikuwa umetumwa na ofisi, kuna fidia ya kuumia kazini. Usiiache.

Hapa nirudie ile karatasi, kwa sababu hili sikuambiwa na mtu wakati wangu. Kampuni yako ikikulipa, haki yako ya kumdai dereva inahamia kwao. Ukiwa tayari umesaini kwamba humdai tena, umewanyang'anya haki hiyo, nao wanaweza kukataa kukulipa. Kwa saini moja unajifungia milango miwili.

Baada ya kuumia nilisoma sana, usiku, mkono ukiwa kwenye kitambaa. Nikajua kwamba si mimi wa kwanza kugongwa na mtu asiye na kitu. Uingereza iliwalazimisha wenye magari kukata bima kwa sheria ya mwaka 1930, lakini sheria peke yake haikumlipa aliyegongwa na aliyeivunja. Mwaka 1946 kampuni za bima zenyewe zikaanzisha chombo cha pamoja, Motor Insurers' Bureau, ambacho huwalipa waliogongwa na madereva wasio na bima, na siku hizi hata waliogongwa na gari lililokimbia. Pesa zake hutoka kwenye kampuni hizo, maana yake kwenye ada za madereva wanaolipa. Ufaransa ilianzisha mfuko wake mwaka 1951. Afrika Kusini inao Road Accident Fund, unaopata pesa kutoka kwenye tozo ya mafuta; huo hulipia mwili ulioumia na anayeachwa na marehemu, gari lililobonyea haulijui. New Zealand tangu 1974 humhudumia kila aliyeumia kwa ajali bila kuuliza nani mwenye kosa, lakini naye kwa kawaida hawezi kwenda mahakamani kudai fidia ya jeraha lile.

Nakuandikia haya kwa sababu mifuko ya namna hii haiji kumtafuta mtu nyumbani. Uliza kwenye mamlaka inayosimamia bima huko uliko, au kwa wakili: je, kuna mfuko wa wahanga wa madereva wasio na bima, unalipa nini, na mwisho wa kupeleka madai ni lini? Hilo la mwisho liandike kwa kalamu nyekundu. Uingereza, kesi ya kuumia kwa kawaida ina miaka 3. Kwenye mfuko wa Afrika Kusini ni miaka 3 kama dereva anajulikana, na 2 tu kama hajulikani. Kwako inaweza kuwa muda mfupi zaidi, na ipo mifuko inayotaka polisi wawe wameambiwa mapema sana. Kama bado hujaandikisha ajali polisi, barua hii iweke chini uende.

Na daktari, mwanangu. Kesho. Uliniambia shingo ilianza kuuma siku ya pili, ndiyo maana unaona aibu kwenda, utaonekana unatunga. Shingo iliyorushwa mbele na nyuma mara nyingi huanza kuuma baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Madaktari wanalijua hilo. Wasichoweza kujua ni maumivu ambayo hukuwaambia. Mwezi mmoja ukipita bila cheti chochote, atakayepinga madai yako atauliza: kama alikuwa anaumwa, mbona hakutibiwa?

Nunua daftari. Kila jioni andika mistari miwili: umelala vipi, nini umeshindwa kufanya, umetumia pesa gani kwenda hospitali na kurudi, nani amekusaidia kumbeba mtoto. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maumivu ni hivyohivyo. Andika ukweli tu. Siku ukiweza kuinama, andika umeinama. Mtu anayedai hawezi kunyanyua ndoo, kisha akapigwa picha ameinyanyua, haaminiwi tena hata kwa yale ya kweli.

Risiti zipige picha siku hiyohiyo. Za mashine hufifia. Mimi nilizifunga zangu na mpira, nikaziweka kwenye bahasha juu ya kabati. Nilipozifungua baada ya mwaka, nusu zilikuwa karatasi nyeupe tupu. Nilizigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikitafuta tarakimu, sikuona hata moja. Ukiwa na picha za magari pale barabarani, za alama za breki, na namba za simu za wale wawili walioshuhudia, tuma nakala kwangu. Wapigie mashahidi wiki hii wakati bado wanakumbuka taa ilikuwa ya rangi gani. Barua zako za kazini zinazoonyesha siku ulizokosa na mshahara uliokatwa zinaingia humohumo.

Yule kaka akirudi, mpokee vizuri. Mwambie unashukuru amekuja, na kwamba hutasaini chochote kabla ya daktari kusema umepona au umefikia wapi, na kabla ya wakili kusoma. Akitaka kuacha pesa, mwambie asubiri mpaka uzungumze na kampuni yako. Wakikubali wenyewe, mpe hati inayotaja kiasi alichotoa, kwamba ni sehemu tu ya malipo, na kwamba madai mengine yote yanabaki. Akikataa kuandikiana hivyo, aondoke na bahasha yake.

Najua moyo wako. Utasema yule dereva ana watoto, na utakuwa unasema kweli. Mhurumie. Kama atashindwa kulipa kwa mkupuo, mkubaliane awamu anazoziweza, mbele ya wakili, kwa tarehe. Lakini bima alipaswa kukata yeye, na shingo inayouma ni yako.

Jumamosi nitafika na basi la asubuhi. Usinipikie, usiinue kitu kizito, na mtoto akitaka kubebwa kaa chini apande mwenyewe mapajani. Nitakuja na ile karatasi yangu ya mistari minne, bado ninayo. Tutaiweka mezani kando ya hiyo waliyokuletea, uzisome zote mbili kwa sauti, kisha tutaenda pamoja kwa wakili.

Mama yako