Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: ndege ilipitiliza ranwei ikaja kuishia kwenye mihogo yangu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Nakuandikia kutoka mkoa wa Lindi, mi ni mkulima, nina mikorosho na mihogo kidogo jirani na kiwanja kidogo cha ndege, jina la kiwanja naliacha maana sitaki kijana yeyote wa pale apoteze kibarua kwa jambo lililomzidi uwezo.

Siku hiyo mvua ilikuwa ndo imekata. Kikaja kindege cha propela moja, nimevizoea vile, ila safari hii nikaona kimegusa chini mbali sana, katikati ya ranwei, ile njia ya changarawe ya ndege kuruka na kutua, kimeshapita, nikasema moyoni huyu atapaa tena azunguke. Hakupaa. Tope linaruka huku na huku, changarawe ikaisha, kikavuka njia wanayopita watoto wa shule, kikaja kusimama kwenye mihogo yangu tairi la mbele limezama lote. Hatua kama kumi kushoto kwake kuna shimo, walichimba kifusi wakaliacha hivyohivyo, nikisimama ndani kichwa hakionekani.

Abiria wote wazima, alhamdulillah. Bibi mmoja alishuka na kandambili mguu mmoja, akanishika mkono akawa hauachii, anauliza tu, mwanangu tumefika? Afu watu wakajaa, kuna mtu kashika sigara na mafuta yananukia kabisa, mi nikabaki kupiga kelele maana hata mlango wa ndege unafunguliwaje sikujua, rubani ndo alifungua mwenyewe. Gari la zimamoto lilifika abiria wameshaondoka na bodaboda.

Najua uchunguzi una wenyewe, simhukumu rubani. Ila changarawe ikilowa breki haishiki, na upepo ukikusukuma kwa nyuma unatua kwa kasi zaidi, na huo upepo rubani anautazama kwenye kile kitambaa cha mlingotini, cha kwetu kimechanika kwa upepo wa kusi kimebaki nyuzi. Angejuaje?

Mheshimiwa, ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa ranwei kubwa wanataka mwishoni kuwe na eneo la usalama lisilopungua mita 90, na wanashauri mita 240, pawe tambarare, pasiwe na kitu cha kuivunja ndege. Chetu ni kidogo hatudai hizo 240, tunaomba lile shimo lifukiwe, kitambaa kibadilishwe, njia ya watoto ihamishwe.

Na tafadhali isije ikawa dawa yake ni kuja kutufukuza. Shamba hili nimeachiwa na baba, bikoni ya kiwanja sijawahi kuiona hata moja, waje watuonyeshe mpaka, kama kuna cha kulipana tukae tuongee.

Halafu tufundisheni sisi majirani. Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoingia ziwani wakafa watu 19, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Huku watakaowahi ni sisi na majembe yetu, siku moja tu ya mafunzo inatosha, mlango unafunguliwa wapi, watu wasimame umbali gani, nani apigiwe simu.

Mistari sita ya mihogo iliyo usawa wa ranwei nimeshaing'oa mwenyewe. Lile shimo ndo siliwezi peke yangu.