Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vibali vya Lokesheni na Barua za Utambulisho

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji ya chama chetu cha watengenezaji filamu nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliokwisha. Mafunzo ya sauti na taa yalifanyika, kazi za wanachama wapya zilionyeshwa, na hesabu zilikaguliwa. Hayo mliyashuhudia wenyewe. Katika daftari tuko wanachama 96, waliolipa ada ni 41, na waliohudhuria mkutano wa nusu mwaka walikuwa 17, idadi isiyofikia akidi.

Jambo ninalopaswa kulieleza kwa kirefu ni azimio la kutompa mwanachama barua ya utambulisho ya kuombea kibali cha lokesheni, yaani eneo la kupigia filamu, mpaka awasilishe idhini ya maandishi ya mwenye eneo, maelezo ya matukio yatakayopigwa hapo, orodha ya kikosi na vifaa, na tarehe za kazi pamoja na siku za akiba. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake na kwamba tunawachelewesha watu. Azimio ni la kamati, na rasimu yake ilitumwa kwa kila mwanachama. Hakuna aliyeleta maoni kwa maandishi.

Sababu yake mnaijua. Kikosi cha wenzetu kilipata kibali cha siku mbili cha kupiga filamu darajani, mvua ikaharibu siku ya pili, nao wakarudi asubuhi ya tatu. Kamera ilikuwa imekwisha kufungwa na waigizaji wamepakwa vipodozi mlinzi alipoisoma karatasi hadi mstari wa tarehe, kisha akaifunika lenzi kwa kiganja. Alikuwa na haki. Barua iliyoambatishwa ilikuwa na muhuri wetu, na kuanzia hapo maombi ya wanachama wasiohusika kabisa yakawekwa kando. Aliyekwenda kuzungumza na maofisa wa vibali, kwa nauli yake mwenyewe, mpaka yakapokelewa tena ni mimi.

Wapo pia wanaoamini kwamba kibali kimoja kinatosha kwa kila kitu. Kibali cha kupiga filamu hakiondoi haki ya mwenye nyumba, na idhini ya mwenye nyumba haimpi mtu ruhusa ya kufunga barabara, maana hilo ni la polisi wa usalama barabarani. Droni nayo ina mamlaka yake ya anga. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, ibara ya 8 inataka chombo kisicho na rubani kipate idhini maalumu ya nchi kinakoruka. Hata Mnara wa Eiffel, ambao mchana hupigwa picha bila shida, taa zake za usiku zinalindwa na hakimiliki, na anayezitumia kibiashara huomba ruhusa.

Wanaonitajia New York kama mfano wa wepesi wanasema nusu ya habari. Ni kweli kwamba mwenye kamera ya mkononi asiyezuia njia hahitaji kibali cha jiji hilo. Lakini anayetaka kujitengea sehemu ya barabara au kuegesha malori ya vifaa huomba, tena akiwa na bima, katika ofisi iliyoanzishwa mwaka 1966 ili maombi yapite mahali pamoja. Mfumo wa namna hiyo huenda haraka pale mwombaji anapofika na karatasi kamili, na hicho ndicho tunachokidai kwenu.

Nasikitika kusema kwamba baadhi ya waliolalamika kwa sauti kubwa hawajalipa ada, ilhali kufuatilia maombi yao ofisi kwa ofisi kunagharamiwa na ada za wenzao. Naomba kila mwenye deni alimalize kabla ya mkutano mkuu, na ahudhurie.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, hali ya fedha ikiruhusu, kupata bima ya pamoja kwa vikosi vidogo na kuendeleza mazungumzo kuhusu fomu moja ya maombi. Fomu mpya ya kuombea barua ya utambulisho, ambayo niliiandaa mwenyewe, inapatikana kwa katibu.

Mwenyekiti