"Ensure" na "insure": kwa nini tunatoza kwa herufi moja

Malalamiko haya hayaishi kwetu sisi tunaosahihisha hati za Kiingereza: "Mmebadilisha herufi moja tu, mkanitoza kama mmeandika mkataba upya." Mteja wa mwisho alisema wazi kwamba tumemwibia. Basi tuieleze herufi yenyewe.

Rasimu yake ya Kiingereza ilimtaka msafirishaji "insure the safe delivery" ya mizigo. Tukamuuliza alichokusudia. Akajibu: ahakikishe inafika salama. Hiyo ni "ensure". "Insure" ni kukata bima, na mzigo ukiloa njiani, wakili yeyote mwenye njaa angeng'ang'ania hapo: msafirishaji alitakiwa kuwa mwangalifu, au alitakiwa kulipia bima? Programu ya kukagua tahajia haikuweka hata mstari mwekundu. Ingeuwekea nini, na maneno yote mawili yameandikwa sawasawa?

Wengine hukwepa gharama kwa kubofya "badilisha zote". Mmoja alifanya hivyo kwenye mkataba wa kukodi mitambo uliokuwa na kifungu cha bima ya kweli. Aliyekatiwa bima, "the insured", akawa "the ensured", na kampuni ya bima, "the insurer", ikawa "the ensurer". Alituletea ukiwa umeshasainiwa. Tukasoma ukurasa kwa ukurasa tukilinganisha na rasimu ya zamani, kisha pande zote zikasaini upya. Bili ilizidi ile aliyoikataa mwanzoni, na hatukumpunguzia.

Halafu kuna Wamarekani. Dibaji ya Katiba yao ya 1787 inasema "insure domestic Tranquility", yaani kuhakikisha utulivu wa ndani. Hakuna bima hapo. Wapo wanaoandika hivyo mpaka leo. Ndiyo maana hatufuti "insure" kwa kuiona tu, tunampigia mwenye hati kwanza. Na simu hiyo nayo ni kazi.

"Assure" ni ndugu yao wa tatu, na huyu hutaka mtu: unamhakikishia mteja, si mzigo. Ila Waingereza bado huita bima ya maisha "life assurance", kwa hiyo hata hapo kalamu hutulia kwanza.

Tunatoza kurasa tulizosoma, si herufi tulizogusa. Ukitaka bili iwe ndogo, leta hati kabla ya saini, na utuandikie kwa Kiswahili cha kawaida kila upande unatakiwa kufanya nini.