Hita iwake, mabomba yakauke

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana la mbali kwa mkazi wa Nakuru, lakini ambalo mimi, nikiwa fundi wa mabomba, huulizwa kila Oktoba inapokaribia na vijana wa mitaa yetu waliohamia Marekani, hasa jimbo la Minnesota ambako majira ya baridi maji huganda, na ambao baadhi yao huishi katika trela zenye jikoni, choo na bafu ili wakwepe kodi za nyumba. Wengi wameambiwa na wenzao kwamba hawana budi kuchagua: ama wamwage maji yote yaliyo kwenye mabomba na wastahimili baridi, eti hita haiwaki bila maji, ama wayaache maji na kuwasha hita usiku kucha ili mabomba yasipasuke. Ushauri huo una kasoro pande zote mbili.

Hita inayopasha trela joto haihitaji tone la maji. Huchoma gesi ya propani ndani ya chumba chake kilichofungwa, moshi ukatolewa nje kupitia ukutani, na feni inayotumia betri ya volti 12 ikasukuma hewa ya moto hadi chumbani. Mabomba yakiwa makavu kabisa, hita hiyo itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kinachopaswa kuzimwa ni tangi la maji moto, ambalo ni chombo kingine chenye moto wake na mara nyingi koili ya umeme, na koili hiyo ikiwashwa tangi likiwa tupu huungua kwa muda mfupi sana.

Wanaotegemea hita ilinde mabomba nao wanajidanganya. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na bomba lililopita nyuma ya kabati, ndani ya ukuta wa nje au chini ya sakafu huwa halipati joto analolihisi aliyelala kitandani. Wakulima wa majani chai wa Kericho na Nandi wanafahamu kwamba sakitu, yaani baridi inayogandisha umande, inaweza kuunguza majani ya bondeni na kuyaacha ya mteremkoni usiku uleule. Ndani ya trela pia baridi ina mabonde yake. Isitoshe, betri ikiisha nguvu saa tisa usiku, feni husimama na hita huzimika.

Basi maji yatolewe. Gesi na umeme wa tangi la maji moto huzimwa kwanza, tangi likaachwa lipoe, pampu ikazimwa, vali ya usalama ikafunguliwa ili presha itoke, na hapo ndipo kizibo cha chini hufunguliwa. Mwenye haraka ya kukifungua mapema hujimwagia maji yanayochoma. Matangi ya maji safi na ya maji taka nayo humwagwa. Baada ya hapo hugeuzwa vali zinazofanya maji yapite kando ya tangi la maji moto bila kuingia ndani, kwa sababu matangi mengi hubeba galoni 6, yaani karibu lita 23, na kulijaza dawa ya kuzuia kuganda ni kutupa pesa. Pampu huwashwa ivute dawa hiyo kutoka kwenye mtungi wake, na mifereji ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine, wa moto na wa baridi, hadi kila mmoja utoe dawa hiyo yenye rangi ya waridi, bila kusahau choo na bafu la nje. Kikombe kimoja humiminwa katika kila sinki, kwani kona ya bomba iliyo chini yake hubaki na maji daima.

Dawa hiyo iwe ya propilini glaikoli iliyotengenezewa mabomba ya maji ya matumizi, wala si ile ya ethilini glaikoli inayotiwa kwenye rejeta ya gari, ambayo ni sumu. Wapo wanaopenda kupuliza upepo wa kompresa, nami sina ugomvi nao mradi presha isizidi pauni 50 kwa inchi ya mraba, ila upepo peke yake huacha maji katika pampu na katika kona za sinki.

Anayeishi humo baada ya hapo atatumia maji ya mtungi na kuoga kwa beseni, mambo ambayo hayamtishi mtu aliyekulia Molo au Bahati. Akimwaga maji katika sinki, aongeze dawa, kwa kuwa ile ya kwanza imeshasukumwa na kwenda zake.

Hata gesi ikimwishia, asiingize jiko la makaa wala asiwashe meko ya kupikia ili aote moto. Hapa kwetu, Juni na Julai, hatukosi kusikia habari za watu waliofariki kwa kulala na jiko katika chumba kilichofungwa, na trela ni finyu kuliko vyumba vingi vya kupanga. Kengele ya kaboni monoksidi ijaribiwe kabla ya hita kuwashwa kwa mara ya kwanza msimu huo.

Ningeomba vyuo vyetu vya ufundi anuwai vitenge walau kipindi kimoja cha kufundisha kazi hii, maana wahitimu wao hawabaki wote Nakuru.

Fundi wa mabomba,
Lanet, Nakuru.